Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Msomaji wa Sakina, Arusha, ameniandikia hivi:

"Shikamoo dada. Nina miaka 27. Niko idara ya hesabu kwenye kampuni ya kupeleka watalii mbugani, mwaka wa tatu sasa, mshahara wangu ni laki saba kabla ya makato. Kuna kampuni ya Marekani imenifanyia usaili mara mbili kwa Zoom. Inataka mtu wa kutunza vitabu vyake vya hesabu kwa dola 900 kwa mwezi, nikiwa hapahapa nyumbani. Binamu yangu yuko Moshi na anafanya kazi mtandaoni. Ananiambia niache kazi leoleo: nitalipwa dola, sitakuwa na bosi, nitafanya muda ninaotaka, na makato hakuna. Baba yangu yuko Marangu, yeye anasema kazi isiyo na ofisi ni utapeli, nitapigwa mchana kweupe. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mdogo wangu. Na pole kwa kubanwa katikati ya wazee wawili, maana binamu naye akishaanza kupokea dola anakuwa mzee.

Mimi ni mhasibu, nakaa Rau, Moshi, na tangu 2013 natunza vitabu vya watu ambao wengi wao sijawahi kushikana nao mkono. Ungetegemea niwe upande wa binamu. Siko upande wake, na wala siko upande wa baba. Wote wawili wameteleza mahali pamoja: wanadhani ofisi haipo. Mmoja anafurahi kwamba haipo, mwingine anaogopa kwa sababu haipo. Ofisi ipo, mdogo wangu. Umeme wake upo, saa zake zipo, karani wake wa mishahara yupo, mtu wa kodi yupo, hata yule dada wa mapokezi anayezuia wageni wasiingie kikaoni yupo. Siku utakayosaini, hao wote unakuwa wewe.

Nianze na baba, maana ni mkubwa, na hofu yake ina mizizi. Watu wanapigwa kweli. Unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp au Telegram, unaambiwa bonyeza alama ya kupenda kwenye video, kila video unalipwa shilingi elfu moja. Siku ya kwanza unalipwa, ya pili unalipwa, ya tatu unaambiwa uweke laki moja ili "upande daraja". Hapo ndipo unapoagana na laki yako. Wengine hudai ada ya mafunzo, au ya kutumiwa laptopu ambayo haitafika kamwe. Angalia pesa inaelekea upande gani. Kazi ya kweli inakulipa wewe. Ukiona wewe ndiye unayetangulia kulipa, funga simu ukalale. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu kuna mtego mwingine unaowawinda watu kama wewe: unaombwa upokee pesa kwenye akaunti yako binafsi, ukate asilimia yako, kisha uzipeleke kwa mtu wa tatu. Hapo unatumika kusafishia watu pesa, na polisi wakija watabisha hodi kwako, hawatabisha Marekani.

Usaili mara mbili kwa Zoom ni dalili nzuri, ila hautoshi. Tazama kama barua pepe zao zinatoka kwenye anwani ya kampuni yenyewe. Waulize wamesajiliwa jimbo gani, kisha ingia kwenye daftari la usajili wa kampuni la jimbo hilo; kila jimbo la Marekani linalo lake, na mengi unaweza kupekua bure mtandaoni. Ukimaliza hapo utakuwa umefanya kazi ambayo baba angeifanya kama ofisi yao ingekuwa Himo, yaani kwenda kuona kama mlango upo.

Na kama baba anadhani kazi bila ofisi ni kitu kilichozuka juzi, wakati wa korona, mweleze taratibu. Mhandisi mmoja Mmarekani, Jack Nilles, aliipa jina kazi ya namna hii mwaka 1973, kabla hata kompyuta haijaingia majumbani. Kilichokuwa kikimkera ni foleni za magari za Los Angeles. Lakini kwa nini tufike Los Angeles? Wewe mwenyewe unafanya nini pale ofisini? Wakala wa Ujerumani anaandika barua pepe, mnampangia siku sita za Serengeti na Ngorongoro, unamtumia ankara, analipa, na wageni wanatua KIA bila yeyote kati yenu kuwahi kuonana na huyo wakala. Kampuni yako inaishi kwa kazi ya mbali tangu ilipofunguliwa. Baba hajawahi kuiita utapeli kwa sababu kuna jengo na kuna gari lenye nembo.

Sasa binamu.

"Utafanya muda unaotaka." Zipo kazi za hivyo, hasa za kulipwa kwa kipande: tafsiri, kuchora nembo, kuandika makala. Kutunza vitabu vya kampuni haimo humo, kwa sababu wenye kampuni watakuuliza maswali, na watakuuliza wakiwa macho. Swali lako la kwanza kwao liwe: mko mji gani? Usiridhike na jibu la "Marekani", maana Marekani bara peke yake ina majira manne ya saa. Kama wako New York, siku yao ya kazi ya saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kwetu huanza saa kumi na moja jioni na kuisha saa saba usiku. Kama wako California, unaanza saa mbili usiku, unamaliza saa kumi alfajiri, adhana ya kwanza karibu inakukuta mezani. Hizo ni hesabu za miezi yao ya baridi. Katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Novemba toa saa moja, kwa sababu wao husogeza saa zao mbele na sisi hatusogezi kitu.

Hilo la kusogeza saa nililijua kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na mteja Chicago, kikao chetu ni kila Jumatatu saa tatu asubuhi yao, yaani saa kumi na mbili jioni kwangu. Jumatatu moja ya Machi nikajitayarisha vizuri, nikaingia saa kumi na mbili kamili na chai yangu pembeni. Kikaoni hakuna mtu. Nikafungua barua pepe nikakuta tatu: "Uko wapi?", "Tunaanza bila wewe", "Tumemaliza." Jumapili iliyotangulia, ya pili ya Machi, walikuwa wamesogeza saa, kikao kikawa saa kumi na moja yangu. Wazungu wa Ulaya nao wana tarehe yao, Jumapili ya mwisho ya Machi. Kwa hiyo mwenye wateja pande zote mbili ana majuma mawili matatu ya kuchanganyikiwa kila mwaka. Siku hizi tarehe hizo naziandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, ile ya kugawiwa na duka la pembejeo.

Na kuna saa yetu wenyewe. Kijana niliyekuwa nikimwelekeza alimwandikia mteja wa London, kwa Kiingereza, kwamba kazi itafika "kesho saa 8". Kichwani mwake ilikuwa saa nane mchana. Mteja akaelewa saa mbili asubuhi, akasubiri, akakasirika. Kijana alituma kazi yake kabla ya muda aliouahidi na bado akaonekana mchelewaji. Andika 14:00, kisha andika ni ya mji gani.

"Hutakuwa na bosi." Hapa nilicheka kwa sauti. Ukifanya kazi ya kulipwa kwa saa kupitia Upwork, soko la mtandaoni la kutafutia kazi, programu yao hupiga picha ya skrini yako mara sita hivi kila saa, bila kukwambia ni dakika gani, na mteja anaziona. Bosi wako wa Arusha anapita nyuma ya kiti chako mara ngapi kwa siku? Kampuni nyingine hazipigi picha, lakini zinataka taarifa ya maandishi kila jioni. Na hapo, kwa niliyoyaona mwenyewe, ndipo Watanzania wazuri kabisa wanapoangukia. Hesabu wanazijua. Kinachowaangusha ni salamu.

Sisi hatuingii kwenye shida ya mtu bila hodi. Unaandika "Habari ya leo?" unasubiri ajibu "Nzuri", ndipo useme kilichokuleta. Pale Kilombero sokoni, usipofanya hivyo unaonekana huna malezi. Lakini mtu wa Chicago unapomwandikia "Habari" saa nne asubuhi yako, kwake ni usiku wa manane. Anaiona jioni yako, anajibu "Nzuri, vipi?", wewe umeshalala. Kesho yake asubuhi unauliza swali lako, jioni analijibu. Siku mbili zimekwenda kwa swali la dakika moja, na yeye anaanza kujiuliza huyu dada anafanya nini mchana kutwa. Salamu na haja viende pamoja kwenye ujumbe mmoja, na ujumbe uandikwe kwa namna ambayo hata asipojibu kazi inaendelea. Huu ni wa kwangu wa kweli, nimeutafsiri tu:

"Habari ya asubuhi. Nimefunga hesabu za Februari isipokuwa malipo mawili ya benki, ya tarehe 11 na 19, ambayo sina risiti zake. Zikinifikia kabla ya 10:00 za kwako, namaliza leo. Zisiponifikia, nayaweka pembeni na kuanza Machi, halafu tutayarudia."

Huko ndiko ubosi wenyewe ulikohamia, kwenye maandishi. Kiingereza chako wala kisikutie hofu. Hawahitaji lafudhi ya BBC; sentensi fupi zisizo na utata zinatosha.

Tuje kwenye pesa. Kwako hapa kuna kitu cha kupiga hesabu, na wewe ni mtu wa hesabu, basi tuipige.

Leo unalipwa 700,000. Asilimia 10 inakwenda NSSF, 70,000, inabaki 630,000. Kodi ya mshahara kwa kiasi hicho ni 42,000. Unaondoka na 588,000, na mwajiri ameongeza 70,000 nyingine NSSF ambayo huioni lakini ni yako.

Dola 900, tuseme dola moja ni shilingi 2,500 ili tusihangaike na desimali, ni 2,250,000. Binamu anaishia hapo. Sisi tuendelee. Karibu hakika hawatakuajiri. Watakupa mkataba wa mtoa huduma, kwa sababu kampuni ndogo ya Marekani haiwezi kufungua ofisi ya mishahara Tanzania kwa ajili ya mtu mmoja. Watakutumia fomu iitwayo W-8BEN, ambayo inasema wewe si mkazi wa Marekani. Isaini bila woga, inawafanya wasikukate kodi ya kwao. Lakini kutokatwa kwao hakufuti kodi ya hapa. Ukiwa mkazi wa Tanzania, kipato chako kinatozwa kodi hapa hata kikitoka mwezini. Tuseme intaneti, umeme, makato ya kupokea pesa na uchakavu wa laptopu ni 300,000 kwa mwezi. Faida yako ni 1,950,000. Kwa viwango vya mtu binafsi, milioni ya kwanza ina kodi 128,000, na inayozidi hapo inatozwa asilimia 30, yaani 285,000. Jumla 413,000. Unabaki na 1,537,000. Ukijiwekea mwenyewe NSSF ile 140,000 ambayo leo inawekwa kwa jina lako, unabaki na 1,397,000.

Bado ni zaidi ya mara mbili ya 588,000. Sikufichi hilo wala sitaki kukukatisha tamaa. Lakini ni mbali na 2,250,000, na mtu anayekopa kiwanja kwa kutazama 2,250,000 atakiuza. Na hiyo kodi huilipi kwa kukatwa kidogokidogo bila kuhisi maumivu. Unakadiria mwenyewe mwanzo wa mwaka, unailipa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba, Desemba. Kila mwezi malipo yakiingia, sehemu ya kodi ihamishie akaunti nyingine usiyokuwa na kadi yake. TIN unayo tayari kwa sababu ya ajira. Nenda TRA ukawaambie shughuli yako imebadilika kabla wao hawajakutafuta.

Kuna ambayo hayamo kwenye hesabu. Sheria ya ajira inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na ukijifungua siku 84 za malipo. Mtoa huduma anapata kilichoandikwa kwenye mkataba wake tu. Kama hakuna kilichoandikwa, malaria ya siku tano ni siku tano bila senti. Omba, sasa hivi, kabla hawajakuzoea: siku kadhaa za mapumziko zenye malipo, na notisi ya mwezi mmoja pande zote. Wengi hukubali kwa urahisi, ila hakuna atakayekupa bila kuomba.

Njia ya kupokelea uliza mapema pia. Watu wengi hudhani PayPal itamaliza kila kitu; kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania imekuwa ya kulipia tu, haipokei. Tunaofanya kazi hii hutumia Payoneer au uhamisho wa benki moja kwa moja. Na kama kazi ingekuwa ya kupitia Fiverr, soko jingine kama Upwork, wao hubaki na asilimia 20 ya kila malipo, na zilizobaki unazisubiri siku 14 kabla hujazigusa. Ya kwako ni ya moja kwa moja, kwa hiyo hilo limekupita.

Mimi nimewahi kukaliwa pesa zangu. Mteja mmoja, simtaji, alinifanyisha kazi miezi miwili na kila nikiuliza malipo ananijibu kwa upole mkubwa kwamba yako njiani. Nikarudi kusoma mkataba. Kazi zangu zilikuwa zimeandikwa kurasa tatu, siri za kampuni ukurasa mzima, kiasi cha malipo kipo. Tarehe ya kulipwa haipo. Miezi miwili yangu iliishia kwenye nafasi tupu ambayo niliisaini mwenyewe.

Umeme na intaneti nitayasema kwa kifupi, kwa sababu kila mtu huyasema. Laptopu na ruta kwa pamoja hula kama wati 60. Betri ya volti 12 ya ampea 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi ukiivuta zaidi ya nusu unaiua, basi una 600, na ukiondoa zinazopotea kwenye inveta unapata kama saa nane za kazi. Inatosha usiku mmoja wa giza. Kikao cha video kinaweza kula GB moja kwa saa, hivyo bando la simu liwe la akiba tu. Ila usidhani laini mbili za kampuni mbili ni usalama kamili. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, na laini zangu zote mbili zikawa za mapambo, kwa sababu njia za kutokea huko nje ni hizohizo zinazotua Dar es Salaam. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wiki ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kwa siku kama hizo dawa yangu ni ya kizamani: nakala ya kazi iko ndani ya kompyuta, na namba ya simu ya mteja imeandikwa kwenye daftari. Ile Mei nilipiga simu ya kawaida Chicago, dakika mbili tu, salio likalia. Mteja alinikumbusha simu hiyo mwaka mzima.

Wakikutaka utumie VPN, yaani njia ya faragha ya kupita ndani ya intaneti, kuingia kwenye mifumo yao, na kampuni nyingi hutaka, kumbuka kwamba mamlaka ya mawasiliano, TCRA, mwaka 2023 ilitangaza watumiaji wa VPN wajisajili, mwisho ukiwa tarehe 30 Oktoba mwaka huo. Omba maelezo ya VPN hiyo kwa maandishi uyapeleke kunakohusika. Na kama binamu atakwambia kwamba kazi hii ikikwama atakukodishia akaunti ya mtu wa nchi nyingine, mkatalie hata kama ni damu moja. Kampuni zinazoandika "popote ulipo" mara nyingi zinamaanisha popote ndani ya nchi fulani, kwa sababu za kodi na sheria za kazi. Akaunti ya kukodi ikigundulika inafungwa pamoja na pesa zilizomo, na jina utakalokuwa umelijenga miaka miwili ni la mtu mwingine.

Nimebakiza jambo ambalo binamu hakulitaja, na nahisi linamuuma hata yeye. Ukifanya kazi nyumbani, nyumbani hawaamini kwamba unafanya kazi.

Mwaka wa kwanza Rau, mtaa mzima ulijua sina kazi. Jirani akinikuta mlangoni saa tano asubuhi: "Leo hujaenda mjini?" Mtoto wa huyu niachiwe, gesi ya yule niipokee, fundi bomba akija nimfungulie, "si upo tu nyumbani." Shangazi yangu, mwenye mapenzi kuliko wote, aliingia katikati ya kikao na bakuli la mtori. Nikamwonyesha kwa mkono asubiri. Akadhani simwoni vizuri, akasogea, akaliweka mbele ya kamera, akawainamia watu sita wa Chicago akawaambia, "Karibuni." Walifurahi, sikatai. Mara ya tatu hawakufurahi. Ilibidi nipange chumba cha pili chenye mlango wa kufungwa, nikaweka kanga nyekundu kwenye kitasa: ikiwa nje, hata nyumba ikiungua mpigie kwanza simu mama mwenye nyumba. Wewe una chumba na sebule? Kama ni chumba kimoja, hesabu kodi ya nyumba upya kabla ya kuhesabu dola.

Upweke nao upo. Kuna utafiti wa Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake kwenye kampuni ya safari ya China, Ctrip, uliochapishwa 2015. Wafanyakazi wa kituo cha simu waliojitolea waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakafanya kazi nyumbani siku nne kwa wiki kwa miezi tisa, wengine wakabaki ofisini. Wa nyumbani utendaji wao ulipanda kwa asilimia 13, na walioacha kazi walipungua kwa nusu. Binamu angeushangilia. Lakini walipoulizwa tena wachague, zaidi ya nusu ya waliokuwa kwenye jaribio walibadili chaguo lao, na wengi wa nyumbani waliotaka kurudi walitaja kukaa peke yao. Tena waliokuwa nyumbani, ukilinganisha na ubora wa kazi yao, walipandishwa vyeo kidogo kuliko wenzao waliokuwa wakionekana. Na kushiriki tu ilikuwa lazima uwe na chumba chako cha kufanyia kazi.

Sasa ufanyeje. Kwanza, hiyo "leoleo" ya binamu itakugharimu: mwajiriwa wa mwezi anatakiwa atoe notisi ya siku 28, na ukiondoka bila notisi wanaweza kukukata mshahara wake. Waombe Wamarekani waanze na wewe kwa saa chache za jioni, mwezi mmoja au miwili, kwa malipo ya saa, ila kwanza soma mkataba wako wa sasa kama unakuruhusu kazi ya pembeni. Aprili na Mei mvua zikikolea na wageni wakipungua, muombe meneja wako ufanyie kazi Sakina siku mbili kwa wiki. Hesabu za kufunga msimu hazihitaji kiti cha ofisini. Utajua kama umeme wa mtaa wako unavumilika, kama majirani wanakuachia, na kama wewe mwenyewe ifikapo saa tano usiku bado unajumlisha vizuri. Ikienda sawa, andika barua ya notisi kwa heshima, maana kampuni hiyohiyo inaweza kuwa mteja wako wa pili.

Halafu mkataba ukija, uchapishe. Nenda stesheneri utoe nakala, upande gari la Marangu Jumamosi, usiende mikono mitupu. Mzee wangu wa Kibosho naye alikuwa hivyohivyo. Nilimpelekea mkataba wangu wa kwanza ukiwa kwenye bahasha ya kaki. Akavaa miwani, akaugeuza kurasa zote bila kusoma neno, kwa kuwa ulikuwa wa Kiingereza na alijua najua hilo. Akanirudishia, akauliza kitu kimoja tu: "Huyu mtu anakulipa tarehe ngapi?"

Nikamwambia tarehe 28. Tarehe 29, jogoo hajawika, simu ikalia. "Imeingia?"

Ilikuwa imeingia. Alinipigia kila tarehe 29 kwa mwaka mzima.